Majaribio yote kijani, mama wa dagaa yuko nje

Siku tuliyofungua mfumo, skrini yangu ilikuwa kijani tupu. Majaribio 143, vipande vya msimbo vinavyoukagua mfumo, yote yamepita, hakuna hata moja lililonung'unika. Nilikuwa nimekalia kiti cha plastiki pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kompyuta mapajani na magunia ya dagaa pande zote, nikiwasubiri wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo waje wajisajili kwenye mfumo nilioujenga kwa miezi mitano. Katibu alikuwa ameshatangaza tangu Jumapili. Mimi nilikuwa nimeshajipongeza kimoyomoyo.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja, muuza dagaa wa jumla, kanga ya pili ameifunga kiunoni kikazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya nielekeze upesi, nina mzigo unapakiwa."

Nikamfungulia ukurasa kwenye simu. Akaandika namba yake jinsi anavyowatajia wateja, mafungu matatu yenye nafasi katikati. Mfumo ukamjibu kwa maandishi mekundu: *Namba si sahihi.* Nikamwambia aondoe nafasi. Akaondoa, ikapita. Likaja jina. Jina lake la ukoo linaanza na Ng', kama yalivyo majina mengi ya Kisukuma. Mfumo: *Jina lina herufi zisizoruhusiwa.*

Hakuitazama simu, alinitazama mimi. "Jina langu haliruhusiwi?"

Nilitamani gunia mojawapo lifunguke niingie. Hapo Usukumani, mbele ya mama wa Kisukuma, nimekuja na mashine inayokataa jina la baba yake. Na majaribio yangu yalikuwa bado kijani.

Jioni ile nilirudi gesti nikayasoma upya yote 143, mstari kwa mstari, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu niyaandike. Nikakuta ndani yake anaishi mtu mmoja tu. Anaitwa Juma Hamisi. Jina lake halina mkato wa juu, ule wa Ng', wala herufi ngeni. Ana simu yake peke yake, mtandao haujawahi kumkatikia, bando haliishi, meseji zinamfikia papo hapo. Anabonyeza kitufe mara moja na kusubiri kwa adabu. Akikosea nywila, anakosea kwa makusudi kwa sababu mimi nimemwambia akosee. Juma Hamisi ni mimi, nikiwa ofisini, kwenye intaneti ya waya.

Majaribio mengi yalikuwa ya kumzuia mwizi: nywila ya uongo ikataliwe, tokeni iliyochezewa (ile hati ya kidijitali anayopewa aliyeingia) ikataliwe, asiyeingia asione salio. Hayo yalifanya kazi na sijayajutia. Ila kumfungia nje mwenye mali nako ni hitilafu, na upande huo sikuwa na jaribio hata moja.

Nianze na namba ya simu, maana ndiyo iliyonitoa jasho zaidi. Chama hiki hakitumii baruapepe kama jina la kuingilia. Wanachama wengi wana anwani ya baruapepe waliyofunguliwa na kijana wa dukani siku waliponunua simu, na kijana huyo ndiye pekee aliyewahi kuijua nywila yake. Kwa hiyo tunatumia namba ya simu. Sasa namba moja ya Tanzania inaandikwaje? Kuna anayeanza na sifuri. Kuna anayeanza na 255. Kuna anayeweka alama ya kujumlisha mbele. Kuna anayeanza moja kwa moja na 7 au 6, kwa sababu ameona +255 imeshaandikwa pembeni mwa kisanduku. Kuna anayeandika +255 kisha akaendelea na sifuri, na huyo hajakosea chochote: ameambiwa aandike namba yake, na namba yake inaanza na sifuri. Ongeza nafasi na vistari, na ile herufi isiyoonekana inayojibandika mtu akinakili namba kutoka kwenye meseji.

Dawa inajulikana. Unaandika kitendakazi kimoja, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, kinachozipokea sura zote na kutoa sura moja tu, ile ya kimataifa yenye alama ya kujumlisha na tarakimu zisizozidi 15, na hiyo ndiyo inayokwenda kwenye hifadhidata. Mimi nilikuwa nacho. Kosa langu lilikuwa kwamba nilikiita kwenye fomu ya kujisajili tu. Kwenye fomu ya kuingia nilikisahau. Mtu alijisajili kwa sifuri, ikahifadhiwa kwa +255, kesho yake akaja na sifuri yake ile ile, mfumo ukamtafuta mwenye sifuri na usimwone. *Namba au nywila si sahihi.* Anajaribu tena. Anaanza kuishuku kumbukumbu yake. Juma Hamisi hakuwahi kupatwa na hili kwa sababu mimi nilimwandika kwa +255 kila mahali.

Siku hizi nina jaribio linalozichukua sura tano za namba moja, linajisajili kwa kila sura na kuingia kwa kila sura: michanganyiko 25, mizunguko miwili ya msimbo, dakika kumi za kuandika. Nimelichomekea na namba za majirani, kwani wanachama wawili wana laini za Kenya, na Kenya tangu 2019 kuna namba zinazoanza na 01. Msimbo wangu uliamini kwamba simu ya Afrika Mashariki lazima ianze na 07 au 06.

Lipo jaribio jingine dogo ambalo nililiona la kipuuzi hadi nilipokisoma kisa cha mwaka 2013 cha Spotify, kampuni ya muziki wa mtandaoni. Wao waliruhusu majina ya watumiaji yenye herufi za Yunikodi, orodha ya herufi za maandishi ya dunia nzima, na walikuwa na kitendakazi cha kuyarudisha majina kwenye sura moja. Mtu akajisajili kwa jina ᴮᴵᴳᴮᴵᴿᴰ, lililoandikwa kwa herufi ndogo zilizoinuliwa juu ya mstari. Kitendakazi kilipolipitia mara ya kwanza kilitoa BIGBIRD. Kikilipitia mara ya pili kinatoa bigbird. Jina hilo la mwisho lilikuwa na mwenyewe. Basi mgeni alijisajili, akaomba kubadili nywila, kiungo kikaja kwake, akakibonyeza, na nywila iliyobadilika ikawa ya bigbird halisi. Akaingia kwenye akaunti ya mtu bila kuvunja kufuli lolote. Ndiyo maana sasa ninajaribu kwamba namba iliyosafishwa, ukiisafisha tena, haibadiliki hata herufi moja. Kwa namba za simu hatari ni ndogo kuliko kwa majina, lakini mstari mmoja haunigharimu kitu.

Kuhusu jina la mama, nitakiri. Nilizuia mkato kwa woga. Nilipojifunza kazi hii, mtu wa kwanza kunitisha alinionyesha jinsi mkato mmoja kwenye fomu unavyoweza kuvunja amri ya hifadhidata na kumwachia mgeni jedwali zima. Somo likanikaa kama hadithi ya zimwi. Lakini miaka mingi sasa amri zangu zinapeleka data kando na maneno ya amri, mkato ukifika kule ni herufi tu kama nyingine. Nililibakiza zuio mlangoni kwa kumwogopa zimwi aliyekwishakufa. Nimelifuta. Jina sasa linakubali chochote mradi lisiwe tupu wala lisizidi urefu wa kisanduku, na kazi ya kulionyesha salama kwenye ukurasa imeachiwa pale linapoonyeshwa.

Hata hivyo haikuishia hapo. Baadhi ya simu zina tabia ya kuunyoosha mwandiko wa mtu: ukiandika mkato ulionyooka zinakugeuzia uliopinda. Kwa jicho ni Ng' na Ng’, kwa mashine ni majina mawili. Katibu alimtafuta mwanachama kwa kompyuta ya ofisini asimpate, akamsajili upya. Kwa wiki nzima mama mmoja alikuwa watu wawili, mmoja ana akiba, mwingine ana deni.

Watu wawili wa aina nyingine walizaliwa kwa kubonyeza. Mtandao wa Mwaloni asubuhi, sokoni pakiwa pamejaa, unakwenda kwa kusuasua. Mtu anajaza fomu, anabonyeza *Jisajili*, kimya. Anabonyeza tena. Anabonyeza mara ya tatu kwa nguvu, kana kwamba kidole kikiongeza uzito ujumbe utaongeza mwendo. Maombi matatu yanafika kwenye seva kwa pamoja. La kwanza linauliza: namba hii ipo? Haipo. Kabla halijaandika, la pili linauliza: ipo? Haipo. Yote mawili yanaandika.

Nilikuwa na jaribio la namba iliyokwisha kusajiliwa, na lilipita. Ila lilikuwa la kistaarabu: msajili Juma, msubiri amalize, kisha msajili tena. Maombi mawili yanayogongana mlangoni sikuyafikiria. Isitoshe, majaribio yalikuwa yakitumia hifadhidata ya SQLite kwenye kompyuta yangu wakati seva inatumia ile ya PostgreSQL, na hizo mbili haziupokei msongamano kwa namna moja. Nilirekebisha mambo mawili. Kwanza niliiwekea safu ya namba sharti la upekee ndani ya hifadhidata yenyewe, maana hilo halidanganyiki. Pili, ombi la pili likigonga sharti hilo, mtu asione ukurasa wa hitilafu 500, ule wa seva iliyoshindwa, apelekwe kunakohusika kama mtu aliyejisajili sasa hivi, kwa sababu ndivyo alivyo. Jaribio lake linaendesha nyuzi mbili, yaani kazi mbili sambamba, kwa wakati mmoja juu ya PostgreSQL halisi. Ni la polepole na liliniudhi kuliandika, lakini ndilo lililokamata kosa langu jingine mwezi uliofuata.

Ugomvi wa watu wawili mlangoni ni wa zamani kuliko wavuti. Fernando Corbató, aliyeongoza mfumo wa CTSS pale chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1960, mojawapo ya mifumo ya kwanza ya kompyuta kuwapa watumiaji nywila, alisimulia kisa kimoja katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta. Programu yao ya kuhariri mafaili ilitengeneza faili la muda lenye jina lile lile kila mara, kwa dhana kwamba hakuna watu wawili watakaohariri mahali pamoja kwa wakati mmoja. Siku moja wasimamizi wawili walifanya hivyo. Mmoja alikuwa anahariri tangazo la siku, mwingine anahariri orodha ya nywila. Mafaili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwenye kompyuta akasalimiwa kwa nywila za watu wote. Ninapomwonyesha kijana wa mazoezi jaribio la nyuzi mbili akaniuliza kama kweli inaweza kutokea, ninampa kisa hicho.

Meseji za uthibitisho nazo zina mambo yake. Tulikuwa tunatuma namba yenye tarakimu sita, na mimi kwa uungwana nikaandika inaisha lini: *Namba hii itaisha saa 10:15.* Mama yule aliipokea akiwa anapima gunia, akaiweka simu kifuani. Nilipomwuliza mbona haingii, akanijibu bila wasiwasi: "Si mpaka saa kumi na robo? Bado mapema." Na kweli ilikuwa bado mapema, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Zilikuwa zimebaki dakika tatu.

Nimezaliwa na lugha hii. Nikiulizwa saa na mtu yeyote barabarani ninajibu saa nne, sijawahi kusema kumi asubuhi maishani mwangu. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nikaandika Kiswahili cha kompyuta. Hakuna jaribio la mashine ambalo lingekamata hilo, kwa kuwa sentensi ilikuwa sahihi na saa ilikuwa sahihi. Sasa inasomeka *Itumie ndani ya dakika 5*, hakuna saa. Kwenye majaribio ninaigandisha saa ya mfumo kisha ninaisogeza: sekunde moja kabla ya dakika tano, dakika tano kamili, sekunde moja baada. Ile ya katikati ndiyo inayonikumbusha kila mara kwamba sijaamua kama mpaka wenyewe ni ndani au nje.

Likafuata suala la kuomba namba nyingine. Meseji ya kwanza inachelewa, mtu anabonyeza *Nitumie tena*, mfumo unaifuta ile ya kwanza na kutengeneza ya pili. Halafu ya pili inawahi kufika na ya kwanza inafuata nyuma yake. Mtu yeyote mwenye akili anatumia iliyofika mwisho. Iliyofika mwisho ndiyo iliyofutwa. Tukaamua kwamba ndani ya dakika tano ukiomba tena unatumiwa namba ile ile, na muda wake hauongezwi. Usalama haukupungua kwa kiasi cha kutisha na simu za malalamiko zikanyamaza.

Kuhusu meseji, aibu moja ndogo. Miaka ya nyuma, kwenye kazi nyingine, majaribio yangu yalikuwa yanatuma meseji za kweli. Juma Hamisi nilimpa ile namba ambayo tarakimu zake zinapanda kwa mpangilio, ile ambayo kila mtu huiandika kwenye fomu akitaka kujaza tu. Namba hiyo ina mwenyewe. Alinipigia usiku, baada ya meseji ya arobaini na kitu, akaniuliza nina shida gani naye. Tangu hapo, kwenye majaribio, meseji zinaandikwa kwenye orodha ndani ya kumbukumbu ya kompyuta na hazitoki nje, na jaribio linaisoma namba kutoka kwenye orodha hiyo. Ila usiache kutuma meseji moja ya kweli kwa simu yako kabla ya kuzindua. Mfumo wa kuigiza haukwambii kwamba jina la mtumaji limekataliwa na mtoa huduma.

Kwenye nywila mimi na katibu tulivutana. Yeye alitaka namba nne za siri, kama za kutumia pesa kwenye simu, kwa sababu wanachama wamezizoea. Nikamfanyia hesabu kwenye karatasi ya risiti. Namba nne ni uwezekano 10,000. Mtu akiiba hifadhidata, hata kama kila nywila imepitishwa kwenye heshi (hesabu inayoigeuza nywila kuwa maandishi yasiyorudishika) ya polepole inayokula robo sekunde, kuzijaribu zote 10,000 za mwanachama mmoja ni sekunde 2,500, yaani karibu dakika 42. Anaamka, anakunywa chai, amemaliza. Chumvi, zile herufi za nasibu zinazochanganywa na kila nywila kabla ya heshi, haimsaidii mwanachama huyo. Chumvi, ambayo Robert Morris na Ken Thompson waliieleza kwenye andiko lao la 1979 kuhusu nywila za Unix, inazuia mwizi kuwavunja wengi kwa kazi moja, haizuii kumvunja mmoja mwenye nywila fupi.

"Basi tuweke herufi kubwa, namba na alama, na wabadilishe kila miezi mitatu," akasema katibu, ambaye aliwahi kufanya kazi mahali penye kanuni hizo. Hapo nami nikakataa. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliyotumika kama kisingizio cha kanuni hizo kwa miaka mingi, katika mwongozo wake wa 2017 ilishauri kuachana nazo: hakuna kulazimisha michanganyiko, hakuna kubadilisha kwa kalenda bila sababu, angalau herufi nane, na nywila ikaguliwe dhidi ya orodha ya zilizokwisha kuvuja. Orodha zipo. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou iliibiwa nywila milioni 32 zilizohifadhiwa wazi kama zilivyo, na iliyoongoza ilikuwa 123456. Mimi niliongeza orodha ya nyumbani: simba na yanga pamoja na miaka yake, mungunimwema, jina la chama, na namba ya simu ya mwenye akaunti. Jaribio la hiyo ya mwisho linaiandika namba kwa sura zote tano. Mnaona kwamba kitendakazi kile hakipumziki.

Heshi ya polepole inayapunguza mwendo majaribio vilevile, kwa kuwa kila jaribio linalomwingiza Juma linalipa robo sekunde mara mbili. Watu wa Django, zana ya kujengea tovuti niliyoitumia, hubadilisha kwenye mipangilio ya majaribio wakaweka heshi nyepesi, nami nimefanya hivyo. Lakini weka na jaribio moja linalosoma mipangilio ya seva halisi na kuthibitisha kwamba ile nyepesi haimo. Mipangilio ina miguu.

Sasa kufuli. Niliweka kanuni kwamba anwani moja ya IP, yaani namba inayoonyesha ombi limetoka wapi mtandaoni, ikikosea mara kumi ndani ya dakika tano, ifungiwe kwa nusu saa. Kwenye majaribio kanuni hiyo ilikuwa imezimwa. Kwa nini? Kwa sababu majaribio yote yanatoka kwenye anwani moja, ya kompyuta yangu, na baada ya majaribio machache ya nywila za uongo yaliyofuata yote yalikuwa yanafungiwa. Yakawa mekundu. Nikaona ni usumbufu, nikaizima. Yalikuwa yananiambia ukweli, nikayaziba mdomo.

Maana ndicho kilichotokea Mwaloni siku ya pili. Kampuni za simu hazina anwani za IP za kumtosha kila mteja, mfumo wa zamani una kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, kwa hiyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Watu kumi wa mtandao mmoja wakakosea mara moja moja, kosa la kawaida la mtu anayeanza, na soko zima la mtandao huo likafungwa. Katibu alinipigia akasema mfumo umekufa. Haukuwa umekufa, ulikuwa unalinda.

Nikahamishia hesabu kwenye akaunti: makosa matano, kisha subiri dakika moja, kisha mbili, kisha nne, bila kufungiwa moja kwa moja, kwani kufungiwa moja kwa moja ni zawadi kwa jirani mwenye chuki anayeijua namba yako. Lakini hesabu ya akaunti pekee haimwoni mwizi anayeijaribu nywila moja tu kwa kila mwanachama, mara moja moja, akizunguka. Huyo kila akaunti inamwona kama mtu aliyekosea mara moja. Kwa hiyo hesabu ya anwani imebaki, ila haihesabu makosa, inahesabu akaunti tofauti zilizokosewa, kiwango kiko juu, na kikifikiwa haifungi, inadai uthibitisho kwa meseji. Sina hakika kama kiwango nilichochagua ndicho. Ninakipima kila mwezi.

Hapa lipo jambo ambalo katibu alilielewa haraka kuliko mimi. Fomu ya kujisajili ilikuwa ikisema *Namba hii imeshasajiliwa.* Nilikuwa nimemweleza kwa lugha ya vitabu kwamba ujumbe huo unamfichulia mgeni nani yumo. Akanikata: "Yaani mume wa mtu anaweza kuweka namba ya mkewe hapa akajua kama ana akiba ya siri?" Ndiyo. Ndicho hasa. Tangu hapo sijakieleza kitu hicho kwa lugha ya vitabu. Sasa ukurasa unajibu jambo lile lile kwa kila namba, *tumekutumia meseji*, na maelezo mengine yanakuja kwa mwenye simu. Mama mwenye simu inayoshikwa na mumewe bado ana shida yake, na hiyo msimbo wangu hauifikii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatudai pia, lakini swali la katibu lilinibana zaidi ya sheria.

Ujumbe ukiwa sawa, muda nao uwe sawa. Namba isipokuwepo na mfumo ukajibu haraka bila kupiga heshi, mwenye saa anajua kwamba haimo. Django yenyewe inalikumbuka hilo, hupiga heshi ya bure hata mtu asipopatikana. Mimi nilikuwa nimeandika njia yangu ya kutafuta kwa namba ya simu, nikaisahau heshi ya bure. Usijaribu hili kwa kupima sekunde, jaribio litakuwa la bahati nasibu. Hesabu heshi imeitwa mara ngapi: moja kwa aliyepo, moja kwa asiyepo.

Namba za simu hurudishwa sokoni zikiachwa muda mrefu, hivyo meseji ya kurejesha nywila inaweza kumfikia mgeni. Tuliumiza kichwa, nikapendekeza maswali ya siri, katibu akacheka: jina la shule yako ya msingi linajulikana na soko zima. Yeye akasema, "Chama kina wadhamini wa mikopo. Anayebadili namba adhaminiwe na wadhamini wake." Ndivyo tulivyofanya, wadhamini wawili waidhinishe kwa simu zao. Jaribio nililolipenda zaidi ni la mtu anayejidhamini mwenyewe kwa namba yake ya zamani.

Wiki ya tatu mama wa dagaa alinipigia. Jina lake limekaa sawasawa, namba ameiandika kwa nafasi anavyotaka.

"Mwanangu, nimeingia. Salio nimeliona. Sasa nitokeje? Hii simu ya mjukuu, anakwenda nayo shule ya bweni."

Nikamwelekeza kwenye kitufe cha *Toka*, kule pembeni juu, ndani ya menyu. Akakibonyeza. "Imetoka," akasema, akaniombea heri, akakata.

Nikafungua faili la majaribio, nikatafuta neno hilo. Halikuwemo. Majaribio 143 na mengine thelathini ya juu yake, yote ya kuingia. Na nilikumbuka nilivyolijenga: mtu akiingia anapewa tokeni iliyotiwa saini, yenye uhai wa siku 30, na kitufe cha *Toka* kinaifuta kwenye simu tu. Seva haina habari.

Nikaandika jaribio. Ingia. Inakili tokeni pembeni. Toka. Kisha omba salio kwa tokeni ile ile ya zamani. Nilitarajia 401, jibu la kukataliwa. Likaja 200, la kukubaliwa, na chini yake akiba yote ya Juma Hamisi, hadi shilingi ya mwisho.